Ngome Iliyogawiwa Vipande

Shangazi yangu alikuwa na swali moja kwa kila mgeni, awe waziri au fundi wa bomba: "Wewe wa kwa nani?" Jina lako halikumshughulisha. Alitaka kabila, mji wa mababu, na kama mlikuwa na jamaa Unguja aliyepata kugombana na jamaa zetu.

Kwa hiyo Ijumaa moja ya miaka ya tisini, nilipomleta nyumbani kwetu, mtaa wa Wattaya, injinia wa Kitaliani niliyefanya naye kazi kwenye karakana moja ya mtaa wa viwanda wa Ghala, nilijua hatapona. Tulilizunguka sinia: mgeni, baba yangu, ami yangu ambaye ni mdogo wake baba, na mimi. Shangazi, mjane na mkubwa wao wote, akajivutia mto akakaa nasi. Umri wake ulikuwa umeshamfungulia milango ya majlisi, sebule ya wanaume na wageni wao, na hakuna aliyethubutu kumfungia.

"Muulize wa kwa nani," akaniambia.

Nikauliza kwa Kiingereza. Mtaliani akafuta mikono, akakaa wima, na hapo hapo tukawa na mwinyi mzima wa zama za kale juu ya sinia letu.

Babu wa mababu zake, alisema, alikuwa mwinyi mwenye ngome juu ya kilima, zama za panga na farasi. Ngome aliirithi kwa baba yake, pamoja na ugomvi na askofu juu ya kinu cha kusagia ngano. Askofu akamfukuza kanisani; mwinyi naye akaiba kengele ya kanisa. Akaenda kumpigania mfalme wao vitani, akarudi na mguu mbovu na mke wa pili. Uzeeni akaingiwa na hofu ya moto, akajenga kanisa jipya, kengele akairudisha, akafa mchamungu.

"Kama huyu," Shangazi akasema, akimwonesha ami kwa kidevu. "Uchamungu umemjia pamoja na maumivu ya magoti. Aliwacha watoto?"

Wanaume wanne na mabinti wawili. Ngome wakagawana wanaume sawa kwa sawa, ndiyo desturi ya kwao siku hizo. Mmoja alipata mnara, mmoja ukumbi, mmoja lango, wa nne jiko na kisima. Wa lango akamfungia wa mnara. Wa kisima akamnyima maji wa lango. Wajukuu wakagawana vipande vya vipande, karne baada ya karne, hata mgeni wetu alipofikiwa na zamu yake akarithi ngazi.

"Ngazi za kwendea wapi?" Shangazi akauliza.

"Chumbani kwa binamu yake. Hawasemezani."

Ami alicheka mpaka akapaliwa na wali. Shangazi hakucheka.

"Na wale mabinti?"

Mtaliani ilibidi afikiri kidogo. Mmoja aliozwa, akapewa sanduku la nguo na kwaheri. Wa pili alitiwa kwenye nyumba ya watawa.

"Alhamdulillahi," ami akasema, huku akijipakulia pweza wa nazi. "Sisi dini yetu imempa mwanamke fungu lake zamani."

"Liko wapi?"

"Liko wapi nini?"

"Fungu langu. Baba yetu kafa miaka mingapi? Nyumba hii hamjaigawa. Mimi nnalala chumba cha nyuma, ubavuni mwa jiko, na nyinyi kila Idi mwaniletea kanga. Huyo mwenzangu alau alipewa na sanduku."

Baba yangu akainamisha uso, akawa anatafuta mifupa kwenye pweza. Mtaliani akaniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia anauliza kama ataongeza wali. Akasema ndiyo, ahsante, akaongeza.

Wiki ile ile Shangazi alivaa buibui lake jipya akanitaka nimpeleke kwa kadhi. Ami alisema ni aibu, watu watasemaje. Shangazi akamjibu kuwa watu wameshasema, tena Mataliani. Baba hakupinga, nadhani alikuwa akingoja miaka yote mtu mwengine aanze. Kadhi hakuchukua muda. Nyumba ikagawiwa, na Shangazi, kwa kuwa fungu lake ndilo dogo, akaachiwa achague upande. Akachagua mbele.

Yaani majlisi. Wageni wa ami, wenye kanzu zilizopigwa pasi na fimbo za fahari, wakawa hawapiti bila ya kuulizwa wa kwa nani. Ami akahamisha kahawa yake ua wa nyuma, karibu na mitungi ya gesi, na kwa muda mrefu salamu zake kwa dada yake alinipa mimi nizipeleke.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kiharusi kikamlaza ami. Shangazi hakungoja kuitwa. Kila asubuhi alizunguka nyuma na bakuli la uji, akamlisha kwa kijiko, akimtukana taratibu kwa kila funda. Siku moja nilikuwepo. Ami alikuwa ameanza kupata tena maneno, mdomo bado umepinda.

"Sukari haitoshi," alisema.

"Inuka ukatie mwenyewe."

Ami akafungua mdomo angoje kijiko kingine.