Jenereta Nyuma ya Tuta la Mchanga

Nikikusimulieni mkasa huu mtanicheka, na mcheke tu, maana mimi mwenyewe nikilikumbuka jenereta lile najifunika uso kwa mtandio hata nikiwa peke yangu jikoni. Ugonjwa wangu ni kiherehere. Mama yangu, aliyerudi Ibra, huku Omani, kutoka Unguja na lafudhi yake nzima, hunambia, "Weye mwana kutulia hukuumbiwa," na ni kweli, hata sasa ninavyosema natikisa mguu.

Nafanya kazi katika mfuko wa misaada wa kampuni moja (jina niachieni) unaowafungia sola watu wa mbali wasiofikiwa na nyaya za umeme. Huko ndiko nilikompata Bi Ghubaisha, bibi wa Kibedui anayekaa na jamaa zake ndani kabisa ya mchanga, kupita Al Mintirib. Ana sukari, na kwa kuwa hana friji wala umeme, dawa yake ya insulini anaiweka ndani ya mtungi uliozungushiwa gunia la maji. Hari ikizidi dawa huharibika, naye huanguka. Nikamwombea sola, na kamati ya Maskati ikakubali kuja kuona kama shida ipo kweli. Mtungi ule tu ndio waliotakiwa kuuona.

Sasa Mama kusikia, akanipigia simu. "Wageni wa Maskati utawakalisha kwenye hari ile? Watasema hatukulelewa!" Basi hapo ndipo nilipoharibu. Nikaenda kwa wakodishaji wa mahema ya harusi pale Ibra, nikakodi jenereta la alasiri moja tu, nikalificha nyuma ya tuta la mchanga, na ukishakuwa na jenereta utakosaje kiyoyozi, na ukiweka kiyoyozi maziwa ya laban ya moto utampa nani, ikaja friji, na yule mwenye mahema (Mungu amsamehe) akaniongezea taa za harusi za rangi rangi bila ya kuombwa. Bi Ghubaisha alifurahi mno. Kwao mgeni haoneshwi shida ya nyumba, aibu kubwa hiyo, kwa hiyo akaitoa dawa mtungini akaitia kwenye friji kwa madaha, kisha mtungi akaufunika blanketi. Nilimwona. Nikanyamaza, maana hema lilipendeza.

Wakafika, Bi Thuraya mkuu wa kamati na wanaume wawili.

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba mwanangu. Mashallah, humu mna baridi nzuri!"

Wale wawili wakatazamana. Mimi sikai: namimina kahawa, natoka kulitazama jenereta, narudi, natoka tena, viatu vimejaa mchanga, mpaka Bi Thuraya akaninong'oneza, "Tumbo?" Nikasema ndiyo. (Nimeshadanganya kwa kiyoyozi, tumbo litanishinda nini?) Bi Ghubaisha akanichemshia habasoda bakuli zima, chungu haisemeki, nikainywa mbele ya kamati huku nikitabasamu.

"Na hiyo sauti inayonguruma?" mwanamume mmoja akauliza.

"Magari ya watalii, wanachezea mchangani," nikajibu. Magari ya watalii yaliyosimama pahala pamoja tangu wageni wafike!

Nikaona bora nihutubie upesi tumalize. "Nishati safi," nikaanza, "haina moshi, haina kelele," na wallahi sikufika mbali. Jenereta likakohoa, likanyamaza, likapiga mshindo, na moshi mweusi ukapanda juu ya tuta, ukateremka, ukaingia hemani moja kwa moja ukawakalia wale wawili kwenye dishdasha, kanzu zao nyeupe. Taa za harusi zikakonyeza zikazimika. Kiyoyozi nacho kimya. Hari ikaingia.

Bi Ghubaisha peke yake ndiye aliyenyanyuka, akaikimbilia friji, akaitoa dawa yake, akalitupa blanketi kule, akairudisha mtungini, na maji ya kunywa ya wageni yote akayamwagia gunia, ametusahau sote.

"Ya binti," akaniuliza kwa Kiarabu, "itapona?"

Nikalia pale pale, na masizi usoni, mngeniona mngekimbia.

"Hiki ndicho nilichokijia," Bi Thuraya akasema. "Mbona mmenificha?"

Yeye angelikubali saa ile ile. Lakini wale wawili, wanajipangusa masizi, wakasema, "Aliyetudanganya kwenye kahawa atatudanganya na kwenye mradi," na shauri likaahirishwa mpaka msimu wa joto upite. Joto lenyewe ndilo linaloharibu dawa! Iliniuma, na inaniuma.

Basi joto lote hili, kila Alkhamisi nikitoka kazini napunguza upepo matairi pale Al Mintirib, gari lisizame mchangani, nampelekea Bi Ghubaisha barafu, nusu inafika barafu, nusu inafika maji. Hunipa kahawa na kuniuliza tumbo langu vipi.

Joto limeanza kuvunjika, na kamati inarudi wiki ijayo. Nimeapa watakaa kwenye hari yetu hii iliyobaki, na mtungi nitauweka katikati ya hema, wazi. Bi Ghubaisha nilipomwambia alinitazama kwa huzuni, kama nimemwambia awapokee wageni na nguo za kulalia. Na Mama kanipigia jana: kuna mtu Sur ana jenereta dogo, halitoi sauti wala moshi, amwambie atuwekee?

Nikamkatia simu, mama yangu mzazi, jambo nisilowahi kulifanya, nikaenda kununua barafu.