Zabibu Zilizonyunyiziwa Maji

Siku inayonirudia kila nisikiapo harufu ya zabibu ni ile baba mkwe wangu alipofunua turubai ndani ya tembe letu hapa Kintinku. Kaa, mwanangu, kwa kuwa nawe unataka kulima zabibu, nikusimulie. Mazuri ya kusimulia ninayo machache, na hili halimo.

Nilikuwa bado bibi harusi, mgeni wa nyumba. Baba mkwe alikuwa amefanya kibarua miaka mingi kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, akarudi na vipandikizi vya mizabibu kwenye gunia. Ndugu zake walimcheka. Shamba lilikuwa la ukoo, na tangu enzi za baba yao lilipandwa mtama na uwele. Wakamkubalia kwa shingo upande: mavuno ya kwanza yakipata mnunuzi, mizabibu ibaki, yakiharibika, ing'olewe. Aliilea ile mizabibu kuliko alivyowalea wanawe, na nasema hivyo bila kinyongo.

Zabibu zikaiva, tukazivuna, tukazipanga kwenye matenga, lakini lori la mnunuzi halikutokea. Baba mkwe akaamua kulifuata mwenyewe. "Msiziguse," alituambia, akaenda kupanda treni. Sababu hakuitaja. Wanaume wa wakati ule hawakuwa watu wa maelezo.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa anauza mchicha pale stesheni. Kila mama muuza mboga aliijua kazi ile: treni ikichelewa unanyunyiza maji, unafunika, na mchicha unaamka. Basi alipoona vikonyo vya zabibu vinaanza kusinyaa, roho ikamuuma. Akanituma maji. Akayanyunyizia matenga taratibu, kama anamwogesha mtoto, huku akiupangusa ule unga mweupe unaokaa juu ya zabibu, akidhani ni vumbi la njia. Kisha akatandaza turubai juu ya matenga na kufunga mlango ili joto lisiingie. Siku ile alifanya kazi huku akiimba, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Baada ya siku kadhaa baba mkwe alirudi amekaa mbele ya lori, kando ya dereva, anatupungia mkono. Akaingia ndani, akafunua. Tulipigwa na fukuto na harufu ya uchachu. Zabibu zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu, zimeshikana, zinachuruzika maji. Tenga moja tu, la pembeni, ambalo maji na turubai havikulifikia, lilikuwa zima na unga wake.

"Nani kazimwagia maji?" aliuliza.

"Ni mimi, Baba Yohana," mama mkwe alijibu, akimwita kwa jina la mwana wao. "Niliona zina kiu."

Baba mkwe alilitazama lile tenga la pembeni. "Zikishakatwa hazinywi tena, mama. Zinataka upepo. Na huo unga ndio nguo yake, hauondolewi. Nilipaswa kukwambia kabla sijaondoka."

Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Lori liliondoka tupu. Ndugu zake wakaja na majembe, wakang'oa mizabibu yote, naye akakaa ndani anasikiliza.

Mama mkwe aliendelea kuuza mchicha, lakini hakuunyunyizia maji tena. Aliupeleka stesheni umenyauka na kurudi nao jioni, mpaka anakufa. Tulimsihi, hakusikia.

Ungedhani yaliishia hapo. Mwanangu wa kumzaa, Elia, alirithi shamba lile, akapanda mizabibu upya. Msimu huu mvua ilimkuta amevuna. Nikamwambia, Elia, usifunike, panga juu ya chanja, acha madirisha wazi. Akanijibu, "Mama, hayo ya kizamani. Turubai hili ni jipya, halivuji." Nilipofunua mimi, harufu ilikuwa ile ile. Alizifukia shimoni, akaenda Mitundu kulima mashamba ya watu, na simu yangu hapokei. Hajui kwamba sina la kumlaumu. Nimezeeka nikijua jambo moja lenye faida, na sikuweza kumpa hata mtoto niliyemnyonyesha. Ndiyo maana wakati mwingine naona kusema ni kuchosha mdomo.

Lakini wewe umekaa, basi chukua. Usivune zabibu kukiwa na umande wala mara baada ya mvua. Ngoja jua likaushe. Kata kwa mkasi, shika kikonyo, ule unga usiuguse. Punje iliyopasuka itoe hapo hapo shambani, kwa sababu ukungu huanzia hapo na kuhamia kwa jirani. Panga kwenye kreti fupi, tabaka moja, usirundike kama mtama. Weka kivulini penye ubaridi, juu ya chanja, upepo upite juu na chini. Usifunike kwa turubai wala nailoni. Maji ni ya wakati wa kula tu. Kila asubuhi zikague, iliyooza itoke. Na ukimwachia mtu kazi, mweleze na sababu, usimwachie katazo tupu ukaondoka.

Mungu akujalie mavuno, mwanangu, na akujalie yafike sokoni yakiwa mazima. Akupe na mtu wa kukusikiliza utakapozeeka. Na Elia wangu, huko aliko, amguse moyo arudi nyumbani, hata akija mikono mitupu. Mlango sijaufunga.