Ufunguo Uko Mjini

Niliwahi kumfungia mama yangu mafuta ya taa kwa kufuli. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina shahada, nina kazi ya ofisini Sumbawanga na chumba cha kupanga Katandala, na nilikuwa na hakika kwamba nampenda mama kuliko ndugu zangu wote wanavyompenda, kwa kuwa mimi ndiye niliyemnunulia pipa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla yake, mafuta ya taa kwetu Ufipa yalikuwa habari zaidi kuliko kitu: yamekuja, yamekwisha, yamefichwa. Ulipanga foleni kwenye duka la ushirika na chupa yako mkononi, ukifika dirishani unaambiwa urudi Jumatatu. Mama alikuwa na chupa moja chini ya kitanda, akiitunza kama watu wengine wanavyotunza dawa ya nyoka. Kisha malori ya watu binafsi yakaanza kupanda kutoka Tunduma, na tajiri mmoja pale mjini akawa anauza mafuta kwa pipa zima, mchana kweupe, kwa yeyote mwenye fedha. Sisi tuliokulia kwenye foleni tulikuwa tunakwenda kutazama tu.

Nilikuwa nimesoma uchumi. Soko huria nililijua kwa michoro miwili mitatu, na nilitamani sana mtu aniulize.

Mama aliishi Mollo, peke yake tangu baba alipofariki. Mwezi wa saba upepo wa huko huingia kwa kila ufa wa mlango, na mama alikuwa akishinda kwenye jiko la nyasi nyuma ya nyumba, ameinamia mafiga, anakohoa, macho mekundu. Humo ndimo alimopika, alimoota moto na alimopokea wageni. Nyumba kubwa, niliyoisakafia kwa saruji kwa mishahara yangu ya kwanza, ilikuwa baridi kama sakristia. Nilipokuja kumtembelea nilikuwa nakaa humo peke yangu, kwenye kiti chenye kitambaa, nikisikia watu wanacheka jikoni.

Nikaamua kumwokoa. Nikanunua jiko la mchina la tambi kumi, likae sebuleni, apike na kuota moto mahali pamoja bila moshi. Nikanunua na pipa zima la mafuta, maana mvua zikianza barabara hukatika, na mimi nilikuwa mtu wa kuona mbali. Pipa lilipelekwa Mollo kwa mkokoteni wa jirani yetu. Yeye na mkewe walikuwa wamehamia kutoka Usukumani na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Mume aliswaga ng'ombe njia nzima, mke akitembea nyuma kuangalia pipa lisiteleze, na walipofika walikataa hata nauli. Mke alisema tu, "Sasa dada yangu atawaka kama kanisa siku ya Pasaka."

Pipa tuliliweka kwenye chumba alicholala baba. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba pipa la mafuta lisikae sakafuni, litashika kutu kwa chini. Nikatazama huku na huku nikitafuta kitu cha kulinyanyua. Nikaenda jikoni, nikang'oa mafiga yote matatu, nikayabeba moja moja hadi chumbani, na pipa likakaa juu yake vizuri kabisa, utadhani yalichongwa kwa kazi hiyo.

Mama alisimama mlangoni mwa jiko lake akitazama shimo la majivu.

"Na mbegu?" aliuliza.

"Mbegu gani?"

Akainua kidevu. Juu ya pale palipokuwa na moto yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Yalikuwa mahindi mafupi, magumu kwa meno, mbegu aliyokuja nayo kutoka Kaengesa alipoolewa. Baridi yetu hayaijali. Kila mwaka alichagua magunzi mazuri, akayatundika hapo, na mwezi wa kumi na moja akayateremsha kupanda.

"Zinataka moshi," alisema.

"Mama, siku hizi mbegu zinauzwa dukani. Zimeshapakwa na dawa, nyekundu. Biashara imefunguliwa."

"Imefunguliwa na nani?"

"Na serikali."

"Haya," alisema mama. Katika maisha yangu nimeshindana na maprofesa, na hakuna hata mmoja aliyenijibu vizuri kama ile haya. Lakini siku ile niliisikia kama ndiyo.

Kufuli lilikuja wiki ya tatu. Nilikuwa nimeona mafuta yanashuka haraka, nikauliza, mama akasema watu wanakuja na chupa zao. Ungedhani nimeambiwa anagawa figo. Nikamleta fundi wa kuchomelea kutoka mjini, akaweka utepe wa chuma juu ya kizibo cha pipa, na juu yake kufuli la shaba. Ufunguo nikaufunga kwenye mnyororo wangu pamoja na wa ofisi. Nikamweleza mama kwamba ni kwa faida yake, kwa sababu ana huruma kupita kiasi na watu watammaliza. Alinisikiliza huku akipembua ulezi kwenye ungo.

Tangu hapo kila Jumamosi niliendesha baiskeli hadi Mollo kumpimia mama mafuta. Nilifungua kufuli, nikatumbukiza mpira, nikanyonya hadi yaje, nikajaza dumu la lita tano, nikafunga. Mara nyingi yalikuja kabla sijatoa mdomo. Nikameza, nikatapika nyuma ya nyumba, na mama akaniletea maziwa. Nilijihesabia hayo kama mateso ya mwana mwema. Chakula chote cha nyumba ile kilinukia mafuta, pamoja na ugali, na nilikuwa nakisifu.

Wageni walipungua. Ilinichukua muda kutambua, na nilipotambua nilifurahi kwamba sasa mama anapumzika. Kukohoa kulipungua pia, hilo ni kweli, na nalitaja kwa sababu ndilo jambo pekee nililopatia.

Jumamosi moja mwezi wa kumi niliingia jikoni kutafuta faneli. Shimo la majivu lilikuwa na unga mwepesi mweupe juu yake. Nikakumbuka moto wa utotoni, nikasimama kidogo, nikaona uchungu mtamu. Nilidhani ni majivu ya zamani. Nikaupangusa kwa kiatu, nikachukua faneli, nikatoka.

Mawingu yalipoanza kukusanyika mwezi uliofuata, nilimkuta mama amekaa chini jikoni, miguu ameinyosha, mahindi yote ya mbegu yako mapajani. Alikuwa anayapukuchua. Punje zilitoka nyepesi kama makapi, kila moja ina tundu, nyingine zilivunjika vidoleni zikawa unga. Dumuzi walikuwa bado wanatembea kwenye kanga yake.

"Zote?" niliuliza.

"Hili lina punje nne," alisema, akanionyesha gunzi.

Nilisubiri anilaumu ili nipate pa kujitetea, na sikupata. Nikasema nitanunua mbegu dukani, na Jumatatu nikaenda. Muuza duka alikuwa na aina moja tu, imebaki mifuko michache. Aliniuliza nakwenda kupanda wapi. Nilipomwambia alicheka vizuri, bila ubaya.

"Hii ni ya bonde, mshikaji. Huko kwenu juu utakula mahindi mabichi Krismasi ya mwaka kesho. Ya kwenu iliwahi kwisha, wenzako walikuja mapema."

Jumamosi nikarudi Mollo mikono mitupu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Kwenye mashamba yote ya jirani watu walikuwa wameinama, na shamba la mama lilikuwa limelimwa, limesafishwa, halina mtu. Mama asiye na mahindi mwaka ule angekula kwa mshahara wangu, kwa kipimo, kila Jumamosi. Wazo hilo lilinijia mimi mwenyewe, na sikulipenda.

Ndipo nikakumbuka jambo. "Mama, si uliwapa majirani mbegu hii walipohamia? Ile waliyokuja nayo ilipodumaa?"

"Niliwapa."

"Basi watakuwa nayo. Nenda kawaombe."

"Siendi."

"Kwa nini?"

Alikunja kanga yake mara mbili tatu. "Mwezi uliopita yule mama alikuja hapa na chupa. Lori la tajiri wako lilikuwa limeharibika, mafuta hayapo dukani, na binti yake alikuwa karibu kujifungua. Nikamwambia ufunguo uko mjini."

Alilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Nilijikuta naangalia mnyororo wa funguo mkononi mwangu. Nikauingiza mfukoni, ukalia.

Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, maana nilihisi kengele ya baiskeli ingekuwa ufedhuli. Jirani alikuwa jikoni kwake, anasonga, na moshi umejaa hadi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo miguu? Baiskeli nayo imekosa ufunguo?"

Binti yake, mwenye mtoto mchanga mgongoni, aligeukia ukutani akicheka. Nilikaa kwenye kigoda nilichopewa, machozi ya moshi yakanitoka, nikashukuru kupata kisingizio. Kisha nikaeleza shida yangu, nami nikaieleza vibaya. Nilisema mwaka huu dumuzi wamezidi, wameingia kila mahali, hata wataalamu wanashangaa.

"Kwetu hawakuingia," alisema jirani.

Hakuacha kusonga. Sikuwa na haja ya kuinua macho, lakini niliyainua. Mahindi ya mama yangu yalikuwa pale juu, safu tatu, meusi kwa masizi, mawili mawili.

Alipoipua ugali alipanda kwenye kigoda, akateremsha safu nzima ya mbegu, akazifungia kwenye kitenge. Zilikuwa nyingi kuliko nilizoomba. Nikamwambia leo hii nitamletea mafuta, dumu zima, mawili akitaka.

"Asante, mwanangu. Lori lilishakuja, tunayo ya kututosha." Akanikabidhi kitenge kwa mikono miwili. "Mimi siku ile nilimwambia mume wangu, usimwone dada ana choyo. Hana choyo. Ana mtoto msomi."

Nimeandika makala nyingi tangu wakati ule, baadhi kuhusu bei na masoko, na nimewahi kusifiwa kwa kuwaelewa watu wa vijijini. Sentensi ile sijawahi kuiweka popote hadi leo.

Mama alipokea kitenge, akakifungua, akanusa gunzi moja. Hakuuliza jirani kasema nini. Alisema, "Yarudishe mafiga yangu."

Mafiga yalikuwa chini ya pipa, na pipa lilikuwa bado na mafuta zaidi ya nusu. Halikunyanyuka. Nilitumia mchana ule wote kuyanyonya kwa mpira na kuyahamishia kwenye madumu, masufuria, ndoo ya maji, hata jagi la kanisani alilokuwa amepewa siku ya ndoa. Nilimeza mara mbili, na mara hii hakuna aliyeniletea maziwa. Pipa lilipokuwa jepesi nililisukuma pembeni, nikabeba mawe moja moja kuvuka uwanja katika manyunyu, nikayapanga pale kwenye shimo. Mama akaja akasogeza la tatu kwa mguu, kidogo tu, likakaa.

Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Alichota mafuta kidogo kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, akanyunyiza, akawasha, na moto ukashika mara moja. "Yanafaa," alisema. Nilitaka sana iwe dhihaka. Alikuwa anasema kweli tu.

Nikatoa ufunguo kwenye mnyororo, nikauweka juu ya kinu mbele yake. Hakuutazama. Alikuwa anatenga magunzi, ya kupanda kesho kushoto, machache ya akiba kulia, na yale ya akiba alianza kuyafunga mawili mawili ili yarudi juu ya moshi. Kamba ilikuwa juu sana kwake. Nikainama nichukue jozi ya kwanza nimtundikie, kwa kuwa urefu nilikuwa nao bado.

"Acha," alisema mama. "Nawa kwanza, baba. Unanuka mafuta."

Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikarudi nikamnyooshea mikono anuse. Alinusa, akatikisa kichwa, akavuta kigoda, akapanda mwenyewe. Mimi nilimshikia kigoda.