Mpweke wa mlangoni kwangu

Cheka, maana nastahili. Mimi nisiyetoka nyumbani ndiye niliyepewa kibarua cha kutafiti upweke wa vijana. Sikwenda mbali: kila jioni Bea, binti wa jirani, huja kumenya ndizi mlangoni kwangu, kimya, bila rafiki. Nikamleta mkuu wangu wa kazi amsikie.

"Mdogo wangu," nikauliza kwa sauti ya huruma, "mbona unakaa hapa peke yako?"

Bea akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni kwao.

"Sema tu," mama akacheka.

"Yaya, mukubwa yangu, marafiki yangu wananingoja ku barabara. Mama ndiye ananitumaka hapa, juu ya vile hauna mutu. Anaogopa utakufa na upweke."

Uso ukaniwaka. Mkuu akakigeuza kiti chake kunielekea mimi, akaanza upya na swali la kwanza.