Kasha Lenye Taa

Miezi minne nilisoma habari za kila kifaa cha kompyuta ya gemu niliyotaka kuiunda, nikaandika orodha ya kununua. Kwenye pawasaplai, kile kiboksi cha kuingizia umeme, nilipiga mistari miwili: nisinunue ya ovyo. Kaka yangu nilikwenda naye kwenye maduka ya Kaloleni anisaidie kubeba tu.

Muuzaji hakunitazama hata mara moja. "Braza, mchukulie dada kasha hili la kompyuta, lenye taa. Pawasaplai yoyote inatosha."

Kaka, asiyejua hata kuwasha printa, akakubali kama fundi. Nami, mjinga, nikanyamaza nisimwaibishe kaka mkubwa mbele za watu. Nikalipa, nikaiunda kompyuta mwenyewe nyumbani.

Wiki ya tatu pawasaplai iliungua, ikaondoka na grafiksi kadi, kifaa cha picha, ghali kuliko vyote.

"Mimi nilimuundia vizuri," kaka akamwambia mama. "Wanawake hawajui kutunza vitu."

Mama akanitaka nimshukuru kwa kuhangaika.