Kinyozi Aliyekaukiwa na Maneno

Kwa kupiga soga, kinyozi yule hakuwa na mshindani mtaani. Mteja aliketi kitini amenuna, akainuka anacheka. Lakini tangu binti yake wa miaka kumi na sita ajaribu kujiua, akawahishwa hospitali na kuokolewa, dukani ilibaki ikinguruma mashine tu.

Waliomuuliza aliwaambia mtoto alilazwa kwa malaria. Watu wakampa pole ya malaria, akaipokea, na ile pole aliyoihitaji hasa hakuna aliyejua kumpa.

Nyumbani nako hakuwa na wa kusema naye. Mkewe alihamishia godoro chumbani kwa binti, na hakugusa chakula mpaka aone binti amekula. Kinyozi yeye alijawa na hasira, asijue amkasirikie nani: binti, mkewe, shule, au yeye mwenyewe aliyeshinda akisikiliza shida za wateja, za mwanawe zikampita. Siku kumi hakumtazama usoni.

Jumapili mchana mama alikwenda sokoni, mara ya kwanza tangu watoke hospitali, akamwachia mumewe zamu. Baba na binti wakabaki sebuleni, kila mtu na kiti chake. Binti ndiye aliyeanza.

"Baba, umenichukia?"

Alitaka kujibu kwa utani kama kawaida yake, utani ukamkimbia.

"Sijakuchukia, mwanangu. Naogopa. Nikikutazama naogopa, ndiyo maana nakwepa."

"Hata mimi naogopa," binti akasema.

Baba akahama kiti, akaketi ubavuni pake. Mama aliporudi aliwakuta hivyo, macho mekundu wote wawili. Akatua kikapu mlangoni, akaja kukaa nao, na mboga zikanyauka palepale.

Kliniki ya ushauri waliyopangiwa hospitali waliendelea kwenda, sasa wote watatu. Mshauri wa pale hakuwaficha: safari ni ndefu, na siku mbaya zitakuwepo. Mama alirudi kulala kitandani kwake baada ya miezi miwili. Kinyozi alimweleza ukweli mtu mmoja tu, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye hakuuliza kitu, alimshika mkono tu.

Siku hizi saa saba anafunga duka, wateja wanung'unike wasinung'unike, anakwenda nyumbani kula na binti yake. Kuna siku binti anaongea. Kuna siku haongei, naye anakula polepole, asimwache mezani peke yake.