Saa Iliyogeuka Kahawia

Miaka ile ya sabini, wanaume wa mji wetu wa Isaka waliopenda saa walikutana Jumapili baada ya misa kwenye kibaraza cha fundi saa. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake wawili walikuwa na saa za mkono za aina moja, zenye visaa vidogo ndani na kitufe cha kusimamishia mshale. Walizipanga mezani, wakabishania rangi kuliko sisi wanawake tunavyobishania kanga. Za wenzake zilikuwa bado nyeusi. Ya mume wangu uso wake ulikuwa umegeuka kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea.

"Umeuziwa iliyopakwa rangi," wakamwambia. "Bandia hiyo."

Alicheka nao. Lakini alipofika nyumbani aliivua, akaifungia sandukuni, na Jumapili zilizofuata akasingizia uchovu. Mtu aliyekuwa akipima kwa saa ile hata muda wa ugali kuiva! Iliniuma sana. Nikamwambia tuipeleke ikafunguliwe tuone ndani. Akakataa katakata, eti vumbi litaiua.

Mimi ni mshonaji. Gauni likipauka kwa jua, ukifumua pindo unaikuta rangi yake ya kwanza imekaa palepale. Na saa ile aliivaa mkono wa kulia, ule anaouegemeza dirishani mwa lori akienda magharibi na kurudi. Jua la njia ile nalijua. Nikawaza kwamba kama uso wa saa una pindo, basi ni pale chini ya ukingo unaoshika kioo.

Jumapili moja nikaitoa sandukuni mbele yake, nikaitia kwenye mkoba. "Mimi naenda. Ukitaka, njoo." Akanifuata nyuma, amenuna.

"Mwangaluka, mayu," fundi alinisalimia kwa Kisukuma. Nikaitikia, nikaiweka saa mezani.

"Ifungue. Nataka kuona ukingoni."

"Ikisimama usinilaumu."

Wale wenzake wawili wa mume wangu wakaangua kicheko: mke wa dereva naye amekuwa mjuzi wa saa! Nikawaambia wacheke sasa, baadaye hawatapata nafasi. Maneno tu hayo. Ikiwa kahawia imefika mpaka mwisho, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Fundi akautoa mtambo pamoja na uso wake, akaugeuzia kwenye mwanga. Pembeni kabisa, pale palipofunikwa na ukingo, palikuwa na mstari mwembamba, mweusi tii, umeuzunguka uso wote.

"Hii haijapakwa," akasema. "Imepigwa jua."

Mmoja wa wenzake akaomba hapohapo wabadilishane, atoe nyeusi yake apewe ile ya kahawia, maana haikuwa na mfano wake. Mume wangu aliniangalia mimi.

"Mama watoto, mimi mwenyewe nilishaamini ni bandia."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nimeileta."